Kujifunza Sayansi na Ufundi Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi, Wazazi na Wenye Karakana

Maswali haya tunaulizwa sisi walimu tunaowatafutia wanafunzi wa sekondari na vyuo vya ufundi nafasi za kujifunza kwenye karakana, maabara, mitambo na ofisi. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya tumezigusa karibu na mwisho.

Msimamo wetu tuuseme mapema, maana utaukuta katika majibu mengi: kinachomjenga mwanafunzi ni mtu aliyekabidhiwa kwake. Ukubwa wa kampuni hausaidii kitu ikiwa hakuna anayejua jina la mtoto wala alichokuja kujifunza.

Kujifunza kazini ndiyo hiyo fildi?

Fildi ni sehemu tu. Kuna ziara ya siku moja, ambapo darasa zima linatembezwa mtamboni. Kuna kukaa na mtaalamu siku chache, ukimfuata anakokwenda na kuona anachokifanya. Kuna fildi yenyewe, yaani mafunzo kwa vitendo ya wiki kadhaa ambayo vyuo vingi vimeyaweka ndani ya mtaala. Kuna uanagenzi, ambao mwanafunzi anagawa muda wake kati ya chuo na kiwanda mpaka ahitimu. Halafu yapo mafunzo tarajali kwa waliokwisha kuhitimu.

Ziara ya siku moja inafungua macho, lakini haifundishi kazi. Shule nyingi huishia hapo kwa sababu ni rahisi kuipanga: basi, chakula cha mchana, picha ya pamoja langoni. Kama nguvu zenu ni chache, ni bora wanafunzi 6 wakae wiki 2 kuliko 120 wapite kwa saa 2.

Mwanangu amefaulu sayansi vizuri kabisa. Mbona mnataka kumpeleka kwa mafundi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na wazazi wanaliuliza kwa uchungu. Mzazi amelipa ada, mtoto ana A ya Fizikia na ya Kemia, halafu mwalimu anasema aende akashike spana. Tunaielewa hofu hiyo.

Lakini tazama taaluma ambazo wazazi wenyewe wanaziombea. Daktari akimaliza chuo anafanya mwaka mzima wa mafunzo tarajali hospitalini, chini ya waliomtangulia, kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mhandisi akihitimu anahitaji miaka ya kazi chini ya usimamizi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka 3 kwa ajili hiyo, ulioanza mwaka 2003. Kwa hiyo huyo mtoto mwenye A atafika tu kwenye kujifunza kazini. Tunachojadiliana na mzazi ni wakati: aanze akiwa na miaka 17, bado anaweza kubadili tahasusi (mchepuo wa masomo), au aanze akiwa na miaka 24 ndipo agundue kwamba fani aliyoisomea haipendi?

Tuonyeshe na faida ya pili kwa mfano wa maabara ya mamlaka ya maji. Asubuhi maji ghafi ya mto yanaletwa yakiwa na tope. Fundi sanifu wa maabara anayagawa kwenye bika 6 za lita moja moja, na kila bika anaitia kipimo tofauti cha shabu, alumini salfeti ile tuliyoisoma darasani. Mashine yenye pangaboi ndogo inakoroga bika zote kwa kasi kwa dakika moja hivi, kisha polepole kwa robo saa au zaidi, kisha zinaachwa zitulie. Mwanafunzi akiinamisha macho usawa wa meza anaona vidonge vya tope vikijikusanya, vikinenepa, vikizama. Bika iliyotakata vizuri kwa shabu kidogo kuliko nyingine ndiyo inayoamua dawa itakayotiwa kwenye mtambo mzima siku hiyo. Mvua ikinyesha huko juu milimani usiku, kesho kipimo kinabadilika.

Mtoto huyo alikuwa ameikariri maana ya kugandisha tope kwa kemikali kwa ajili ya mtihani. Bibi yake kijijini alikuwa anasafisha maji ya kisima kwa mbegu za mlonge. Mbele ya zile bika 6 vitu hivyo viwili vinakutana, na kuanzia hapo Kemia haihitaji kusukumwa.

Aanze lini?

Ziara zianze hata shule ya msingi. Kukaa kazini siku kadhaa, kuanzia kidato cha pili au cha tatu, wakati wa likizo.

Ila kipindi ambacho familia nyingi zinakipoteza ni kile cha baada ya kidato cha nne. Mtihani unamalizika Novemba, matokeo yanatoka Januari, kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni zaidi ya miezi 7, na wengi wanaitumia nyumbani au kwenye masomo ya ziada ya kidato cha tano wanayokuja kurudia. Miezi 3 tu kati ya hiyo, kwa mtu mwema, inatosha kumwonyesha kijana kama kweli anataka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au anaifuata kwa sababu marafiki wameichagua. Waliomaliza kidato cha sita wana nafasi finyu zaidi, kwa kuwa wanaohitajika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria huitwa muda mfupi baada ya mtihani. Wao wapange kwa ajili ya wiki zinazobaki kabla ya chuo kufunguliwa.

Mkondo wa amali ni kwa walioshindwa masomo?

Hapana. Mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, umeanza kutekelezwa Januari 2024, na una mikondo miwili ya sekondari: wa jumla na wa amali. Mwanafunzi wa amali anasoma Hisabati na lugha pamoja na fani yake, iwe umeme, ujenzi, kilimo au nyingine. Walioanza kidato cha kwanza mwaka ule wanafika kidato cha nne mwaka 2027.

Tanzania haijaanza jana jambo hili. Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru ni majina ya shule za ufundi ambayo wahandisi wengi wa rika la wazazi wetu wanayataja kwa fahari. Waliposoma huko hakuna aliyewaona wameshindwa.

Tunaishi wilayani, hakuna kampuni za teknolojia. Tumpeleke wapi?

Tembeeni mji wenu upya, safari hii mkitafuta sayansi. Mamlaka ya maji ina maabara na mapampu. Hospitali ya wilaya ina maabara, ina mashine za eksirei, na penye bahati ina fundi wa vifaa tiba, mtu ambaye wanafunzi wengi hawajui hata kama yupo. TANESCO ina vituo vya kupoza umeme. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina vituo vya kupimia mvua, upepo na joto. Kuna mashine za kukoboa, viwanda vya kuchakata, majokofu ya samaki, minara ya simu, na mafundi wa sola waliosambaa kila kata.

Vituo vya utafiti wa kilimo ndivyo tunavyovisikitikia zaidi, kwa jinsi vilivyo karibu na shule na visivyotembelewa. TARI Naliendele kule Mtwara wanashughulika na korosho, Ukiriguru ya Mwanza na pamba, Mlingano ya Tanga na mkonge, Uyole ipo Mbeya, Selian ipo Arusha. Humo kuna watu wanaohesabu, wanaopima udongo, wanaozalisha mbegu, wanaochora grafu za kweli. Kwa mtoto anayependa Baiolojia na hataki udaktari, wiki moja huko ni zawadi kubwa.

Mijini orodha inazidi kurefuka. Dodoma kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Dar es Salaam kuna maabara za Shirika la Viwango (TBS), Mkemia Mkuu wa Serikali, taasisi ya utafiti wa uvuvi Kunduchi, na karakana za taasisi ya teknolojia, DIT. Bagamoyo ipo Taasisi ya Afya Ifakara. Arusha ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, na ipo Taasisi ya Nelson Mandela, ambako Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji linalotumia nano teknolojia na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Jijini Tanga kuna bustani ya sayansi, STEM Park, ambayo watoto wanaruhusiwa kugusa vitu kwa mikono yao.

Gereji ya mtaani inaweza kufundisha sayansi kweli?

Ndiyo, kama fundi anatumia kipimo na anakubali kuulizwa. Chukua betri ya gari. Ikiwa imejaa na imetulia, multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, inasoma karibu volti 12.6. Washa injini, inapanda hadi 14 hivi kwa sababu oltaneta, jenereta ndogo ya gari, inachaji. Sasa msomeshe mwanafunzi kipimo wakati stata, mota ya kuwashia, inazungusha injini: volti zinashuka ghafla, na zikianguka chini ya 10 fundi anajua betri imechoka. Huo ndio ukinzani wa ndani wa betri, ule wenye swali la alama 5 kwenye Fizikia. Mwombe mwanafunzi apime betri 4 tofauti, aandike, alinganishe. Ameshafanya jaribio kamili bila maabara.

Gereji ambayo fundi anabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka gari liwake haitamfundisha hayo. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtoto, kaeni hapo nusu siku muangalie kazi inavyofanyika.

Akifika atafanya nini? Asije akageuzwa mfagiaji.

Kufagia karakana na kupanga vifaa ni sehemu ya kazi, na kijana anayesafisha spana kwa wiki moja anazijua kwa namba bila kuangalia. Wiki ya tatu akiwa bado anafagia tu, hapo pana tatizo, na mwalimu apige simu.

Tunachoomba wenye karakana ni mambo machache yaandikwe kabla mtoto hajafika: nani msimamizi wake kwa jina, kazi 3 au 4 atakazojifunza mpaka aziweze mwenyewe, na mashine ambazo haruhusiwi kuzigusa. Karatasi moja inatosha. Pia tunaomba dakika 10 za jioni ambapo msimamizi anamuuliza, "Leo umeona nini ambacho hukukielewa?" Ukweli ni kwamba hizo dakika 10 zina uzito kuliko karatasi yote.

Daftari la kazi ni la nini, mbona wengi wanajaza siku ya mwisho?

Wanajaza siku ya mwisho kwa sababu hakuna anayelisoma. Msimamizi akilisoma kila Ijumaa, litajazwa. "Leo tumefunga mota" ni sentensi isiyo na faida. Aandike ilikuwa mota ya nini, ilikuwa na hitilafu gani, wamejuaje, wamepima nini wamepata ngapi, na nini kimewashinda. Mchoro wa mkono una thamani kuliko picha ya simu, kwa kuwa huwezi kuchora saketi usiyoielewa.

Je, analipwa? Au sisi ndio tunalipa?

Mwanafunzi wa sekondari kwa kawaida halipwi. Wenye karakana waungwana humpa nauli na chakula cha mchana, na tunawaomba wafanye hivyo, kwa maana nauli ndiyo inayowaondoa watoto wa familia duni kabla hata mwezi haujaisha. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) aangalie mgao wake. Mafunzo kwa vitendo ni moja ya vipengele vinavyoweza kugharamiwa.

Kuhusu kulipa: zipo taasisi, hasa za afya, zinazotoza ada ya mafunzo kwa vitendo. Kwenye taasisi ya umma ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na unapewa stakabadhi. Mtu akikwambia "tuma elfu 30 kwenye namba hii nikuwekee nafasi", huyo ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Vipi kuhusu usalama na umri?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa migodini, viwandani na kwingineko penye mazingira ya hatari. Mwanafunzi wetu haendi kuajiriwa, lakini mpaka huo tunauheshimu: wa chini ya miaka 18 hashiki mashine ya kukerezea, hapandi nguzo, haingii shimoni, hachomelei bila msimamizi kuwa pembeni yake. Viatu vya kufunika vidole, nywele zifungwe, miwani ya kinga kwenye kusaga na kuchomelea. Karakana isiyo na miwani ya kinga hatupeleki mtoto, hata mwenyewe akiwa rafiki yetu.

Binti yangu atakuwa peke yake kati ya wanaume. Nimruhusu?

Mruhusu, kwa masharti. Aende na mwenzake; wasichana wawili mahali pamoja wanalindana, na hata kuuliza maswali wanakuwa huru zaidi. Mwalimu amjue msimamizi kwa sura na amtembelee bila taarifa. Kazi ziishe kabla ya giza. Choo kiwepo na kifungike: linaonekana dogo, lakini tumeona wasichana wakiacha kwa sababu hiyo tu na kuona aibu kuisema.

Na binti aambiwe waziwazi kabla hajaondoka nyumbani: anayetaka mwili ili akupe nafasi, alama au sahihi kwenye daftari anatenda kosa la jinai. Ni rushwa ya ngono, na imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Akiondoka kwa sababu hiyo, shule imtafutie mahali pengine wiki hiyohiyo na isimhesabie kuwa ameacha mafunzo.

Mimi ni mwenye karakana. Nitapata nini zaidi ya kupotezewa muda?

Wiki mbili za kwanza utapoteza muda, fundi. Hatukufichi. Kuanzia ya tatu unakuwa na mkono wa ziada unaojua kusoma kitabu cha mashine kwa Kiingereza, kutafuta mchoro wa saketi mtandaoni, na kuandika vizuri orodha ya vipuri. Baada ya mwaka, ukitaka kuajiri, unamwajiri mtu uliyekwisha kumwona akifanya kazi, na humjaribu kwa hasara.

Anza na mmoja. Wanaopokea wanafunzi 10 kwa mpigo mara nyingi hawarudii tena.

Fundi asiye na cheti anaruhusiwa kuwa msimamizi?

Kumfundisha mwanafunzi wa sekondari, ndiyo, akiwa anaijua kazi. Vyuo vinaweza kudai msimamizi mwenye sifa rasmi, kwa hiyo ulizeni kwanza. Fundi mwenyewe naye tunamshauri aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akaombe urasimishaji wa ujuzi alioupata nje ya mfumo: anapimwa kwa kazi anayoiweza, anaelekezwa palipopungua, anapewa cheti. Wapo waliofundisha vijana miaka mingi ambao wanafunzi wao wana vyeti na wao hawana.

Napenda kuandika programu za kompyuta, na hapa kwetu hakuna ofisi hata moja. Nifanyeje?

Tafuta tatizo la mtu halisi na ulitatue. Duka la dawa linalohesabu bidhaa kwa daftari, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayopima mazao, kaka yako anayefuga kuku na hajui anakula hasara wapi. Jedwali zuri la kompyuta linalotumiwa kila siku na mtu mmoja litakufundisha kuliko programu nzuri isiyotumiwa na yeyote.

Ukishapata kitu, kipeleke kwenye mashindano. Young Scientists Tanzania wanapokea kazi za utafiti za wanafunzi wa sekondari, na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, yanapokea wabunifu wa ngazi mbalimbali, hata wasio na shule. Huko utakutana na majaji, na jaji anayeuliza swali gumu ndiye wa kumfuata baada ya shughuli na kumwomba awe mlezi wako wa taaluma.

Zanzibar na Kenya utaratibu ni huohuo?

Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali, na tangu 2023 ina kampasi ya IIT Madras kule Bweleo, inayofundisha sayansi ya data na akili unde. Kenya fildi wanaiita atachimenti, na NITA ndiyo mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Sekondari ya juu ya Kenya ilipoanza Januari 2026 kwa gredi ya 10, wanafunzi waligawanyika katika njia 3, moja ikiwa ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mwalimu wa Kenya mwenye darasa la njia hiyo anahangaika na swali lilelile la kwetu: karakana ipi itampokea mtoto, na nani atamsimamia.

Barua ya kuomba nafasi iandikweje?

Fupi, na iseme unachokitaka hasa. Nyingi zinazotupwa zinaomba "nafasi ya fildi katika kitengo chochote". Kwa mfano:

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Darasani tumesoma jinsi ya kusafisha maji kwa kemikali, na ningependa kuona mnavyoamua kipimo cha shabu kila siku. Naomba kukaa katika maabara yenu kwa wiki 2 za likizo ya Juni, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Nipo tayari kusafisha vifaa na kuandika takwimu mtakazoniagiza. Mwalimu wangu wa Kemia yupo tayari kuja kuonana nanyi.*

Ambatanisha barua ya utambulisho ya shule yenye muhuri na sahihi ya mkuu wa shule. Chapa nakala 2: moja uiache masjala, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Baada ya siku 7 rudi mwenyewe, usipige simu, na umuulizie mkuu wa maabara kwa jina.